Suluhu Kileleni: Je, Ni Lazima Kila Mechi Ipate Mshindi?



Leo tunaingia uwanjani, ila usiondoke kama wewe si mtu wa mpira. Hata kama hujui ofisaidi ni nini, swali la leo litakufikia tu, kwa sababu linaanzia uwanjani na kuishia sebuleni kwenu.

Tarehe 24 Juni 2017, timu mbili za wanawake kutoka nchi mbalimbali za dunia zilicheza soka ndani ya kreta ya Kibo, mita 5,714 juu ya usawa wa bahari. Sisi wa Moshi, tunaouona mlima kila mawingu yakifunguka asubuhi, tunaweza kuuzoea mpaka tukasahau ukubwa wake. Kule juu, hewa ya oksijeni anayoipata mtu kwa kila pumzi ni karibu nusu ya ile anayoipata akiwa Tanga au Dar. Wale kina dada walipanda kwa siku kadhaa, wakalala kambini kwenye baridi, kisha wakacheza dakika 90 kamili juu ya majivu ya volkano. Walitaka kuonyesha kwamba wanawake wanastahili nafasi sawa katika michezo. Ikawa mechi ya soka iliyochezwa juu kuliko zote kabla yake.

Matokeo? 0-0.

Najua kuna mtu ameshacheka. Yaani upande mlima wote ule, ukimbie ukitweta saa moja na nusu, halafu ushuke bila hata bao moja? Sasa ulienda kufanya nini?

Hilo ndilo swali letu la leo. Mechi isiyo na mshindi, imekosa kitu? Katika mchezo wa raga watu hubishana sana juu ya jambo hili, hasa mechi za mataifa. Huku kwetu raga si mchezo wa kila mtaa, lakini jirani zetu Kenya na Uganda wanaupenda kweli na hugombea kila mara Kombe la Elgon. Kanuni iko hivi: mataifa mawili yakikutana katika mechi ya kawaida, wakacheza dakika 80 na pointi zikawa sawa, mechi imeisha. Wote wanarudi nyumbani sawa. Ila kwenye hatua ya mtoano ya Kombe la Dunia hawaruhusiwi kuachana hivyo. Wataongezwa dakika 20, kisha dakika 10 ambazo wa kwanza kupata pointi ndiye mshindi, na bado wakishindwana watapiga mikwaju mpaka apatikane mshindi. Wapo wanaotaka sare zifutwe kabisa, mechi zote ziishe kwa mshindi. Je, wana haki?

Kwanza, maneno yetu wenyewe

Watangazaji wetu wakisema timu zimetoka sare, mara nyingi wanamaanisha zimefungana mabao sawa, tuseme 1-1. Mechi ikiisha bila bao, wengi husema zimetoka suluhu. Kijiweni utasikia "ngoma droo". Sasa sikiliza vizuri. Sare ni neno lilelile la nguo za kufanana: sare za shule, sare za kwaya, sare za harusi. Suluhu nalo ni neno la amani. Watu waliogombana wakipatanishwa, tunasema wamefikia suluhu.

Lugha peke yake haimalizi ubishi. Lakini inatukumbusha kwamba kutoka sawa kunaweza kuwa jibu kamili, wala si lazima kuwe ni kukosa jibu.

Wanaoikataa sare wana hoja, tusiwadharau

Hoja yao ya kwanza ni rahisi. Mchezo ni swali: nani bora leo? Watu wamelipa kiingilio, wamesafiri, wamepiga kelele mpaka sauti zimekauka. Ukiwaambia "hakuna", ni kama mwalimu aliyetoa mtihani akakataa kusahihisha.

Hoja ya pili inatoka kwenye imani yetu. Mtakatifu Paulo alipotaka kuwafundisha Wakorintho juu ya juhudi, alitumia mfano wa uwanjani: wakimbiaji ni wengi ila tuzo anaipata mmoja, basi kimbieni kama watu wanaoitaka (1Kor 9:24). Naye Papa Fransisko, alipokutana na wanamichezo wa chama cha Kikatoliki cha michezo cha Italia katika uwanja wa Mtakatifu Petro, tarehe 7 Juni 2014, aliwaomba wasiridhike na sare ya hovyohovyo, bali watoe kilicho bora kabisa ndani yao. Hapo Papa alitumia neno la mpira kusemea maisha yote. Kijana anayeishi ili mradi asifungwe, huyo hajaanza kuishi.

Na kweli zipo sare zinazoacha ladha mbaya mdomoni. Tarehe 19 Novemba 2022, Uingereza waliwakaribisha New Zealand katika uwanja wa Twickenham, London. Zikiwa zimebaki dakika kama 10, New Zealand walikuwa wanaongoza 25-6. Mechi imeisha hiyo, ungesema. Uingereza wakafunga trai tatu mfululizo, ubao ukasoma 25-25. Muda ukaisha na mpira ukiwa mikononi mwa Uingereza. Kwenye raga muda ukiisha mchezo hausimami mara moja. Mwenye mpira anaweza kuendelea kushambulia, au akaupiga nje na mambo yakaishia hapo. Marcus Smith akaupiga nje.

Aisee, maneno yalikuwa mengi! Wengine walizomea palepale uwanjani. Walisema: mnatoka nyuma kwa pointi 19, moto umewaka, wapinzani wamechoka, halafu mnaogopa shambulizi moja? Wengine wakamtetea: ukiponea kwenye kaburi, huchezi tena karibu na shimo. Busara nayo ni fadhila.

Moyo wa yule kijana siwezi kuuhukumu, wala wewe huwezi. Ila tukio lile linatufundisha kwamba sare si kitu kimoja. Ipo sare unayoifikia ukiwa umetoa kila kitu, na ipo sare unayoichagua kwa sababu unaogopa kutoa kilichobaki. Ubao wa matokeo hauwezi kuzitofautisha. Mungu anaweza, na mara nyingi hata wewe mwenyewe unajua.

Ubao wa matokeo ni shahidi

Sasa nigeukie upande wa pili, ambao mimi nauunga mkono.

Amri ya nane inatukataza kushuhudia uongo. Ubao wa matokeo ni shahidi pia. Kazi yake ni kusema kilichotokea. Kama watu 30 wamepambana dakika 80 na hakuna upande uliouzidi mwingine, basi shahidi mwaminifu atasema hivyo: hakuna aliyezidi. Ukimlazimisha ataje jina, atataja, lakini hatakuwa anasema habari za mechi ile tena.

Angalia kilichotokea tarehe 3 Mei 2009 mjini Cardiff, katika nusu fainali ya kombe la vilabu vya Ulaya. Leicester na Cardiff walikuwa 26-26 hata baada ya muda wa nyongeza. Ikabidi wapige mikwaju, mmojammoja, kutoka mita 22 mbele ya goli. Zamu ikafika kwa Martyn Williams, mchezaji wa mbele ambaye kazi yake ilikuwa kukaba na kupigania mpira chini, siyo kupiga mikwaju. Akakosa. Leicester wakashinda mikwaju 7-6 na kwenda fainali.

Williams alikuwa mchezaji mkubwa wa taifa la Wales. Siku ile alifanya kazi yake yote kwa zaidi ya saa moja na nusu, kisha akahukumiwa kwa kazi ya mtu mwingine. Ni sawa na kumwambia mpishi na fundi cherehani: kazi zenu zote ni nzuri, tumeshindwa kuamua, basi shindaneni kuogelea.

Katekisimu yetu inatufundisha kwamba haki ni ile nia thabiti ya kumpa Mungu na jirani kile kinachowastahili. Mtu aliyecheza sawa na mwenzake anastahili kuambiwa alicheza sawa. Kumwita ameshindwa ni kumnyima haki yake, na kumwita mwenzake mshindi ni kumpa kisicho chake.

Halafu mfikirie mnyonge. Kwenye Kombe la Dunia la raga la 2023, Ureno, taifa dogo kabisa katika mchezo huo, walitoka 18-18 na Georgia mjini Toulouse. Kabla ya siku hiyo Ureno hawakuwahi kucheza mechi ya Kombe la Dunia bila kufungwa. Kwao pointi zile hazikuwa nusu ya kitu. Zilikuwa tangazo: na sisi tupo. Dunia inayojua ushindi na kushindwa tu haina neno la kumwambia mtu kama huyo.

Nani hasa anahitaji mshindi?

Mwaka huohuo wa 2017 ambao kina dada walicheza kileleni Kibo, timu ya muungano ya Uingereza na Ireland iitwayo Lions ilizuru New Zealand kwa mechi tatu. New Zealand walishinda ya kwanza 30-15. Lions wakashinda ya pili 24-21. Ya tatu, tarehe 8 Julai, ikaisha 15-15. Ziara nzima ikaisha sawa. Mwanzoni wachezaji walisimama wakishangaa, hawajui washerehekee au walie. Kisha manahodha wawili, Kieran Read na Sam Warburton, wakalinyanyua kombe pamoja, kila mmoja ameshika upande wake.

Wachezaji waliweza kulibeba pamoja. Sisi watazamaji ndio tuliokuwa na shida.

Tusidanganyane, vijana. Mara nyingi kiu ya mshindi ni kiu ya mtazamaji anayetaka wa kumcheka Jumatatu asubuhi. Na siku hizi kuna mtazamaji mwingine: mwenye mkeka. Kwake mechi ni 1, X au 2, na kama hakuweka X, sare imemchania mkeka. Utamsikia akiwatukana vijana waliocheza kwa jasho lao, kwa sababu matokeo ya kweli hayakulingana na shilingi mia tano zake. Hapo mchezo umegeuka. Wachezaji hawatazamwi tena kama watu, wamekuwa namba. Ukiona sare inakuumiza kuliko inavyowaumiza waliocheza, jiulize moyo wako umeuweka wapi.

Nafasi ikiwa moja

"Sawa," utaniambia, "lakini fainali je? Kombe ni moja, haliwezi kukatwa."

Hoja nzuri. Na Maandiko yana kisa chake. Yuda alipoanguka, mitume walihitaji mtu mmoja wa kujaza nafasi yake. Wakapatikana wawili waliofaa, Yosefu aitwaye Barsaba na Mathiya. Wote walikuwa na Yesu tangu mwanzo. Wote ni mashahidi. Nafasi ilikuwa moja. Wakasali, wakapiga kura, kura ikamwangukia Mathiya (Mdo 1:21-26).

Angalia wasichofanya. Hawakusema Barsaba ameshindwa. Hawakubuni mtihani wa ajabu ili waonyeshe kwamba Mathiya alikuwa bora tangu zamani. Walikubali kwamba hawa wawili wako sawa, wakamwachia Mungu achague.

Mikwaju ya penalti inaweza kuwa kitu cha namna hiyo, kama tutakuwa wakweli juu yake. Soka lenyewe linalijua hili: mechi iliyoamuliwa kwa matuta huhesabiwa kwenye kumbukumbu kuwa ni sare, na penalti ni njia ya kujua nani anasonga mbele. Kwa hiyo kwenye mtoano, pigeni, mpate wa kuendelea. Lakini palipo na mechi ya mataifa mawili, hakuna kombe la kukata wala raundi inayofuata, kwa nini tumtafute mtu wa kumwita ameshindwa?

Lakini zipo sare za uongo

Hapa naomba usome polepole, kwa sababu hapa ndipo hoja yangu inaweza kutumiwa vibaya.

Wanawake wawili walikuja kwa Mfalme Sulemani, wote wanasema mtoto ni wangu. Mfalme akaagiza upanga: mkateni, kila mmoja apate nusu (1Fal 3:16-28). Sare safi kabisa! Nusu kwa nusu, hakuna mshindi, hakuna aliyeshindwa. Mwanamke mmoja akakubali. Mwingine akalia: mpeni yeye, ilimradi mtoto aishi. Hapo Sulemani akamjua mama.

Mwanamke mwongo ndiye aliyeipenda sare. Hakuwa na cha kupoteza, na nusu ya kisicho chako ni faida.

Sasa rudi nyumbani. Mume amempiga mke wake, wanaitwa wazee, na baada ya maneno mengi inasemwa: "Basi yaishe, wote mna makosa, peaneni mikono." Binti amedhulumiwa fungu lake la urithi na kaka zake, kikao kinasema: "Tusivunje ukoo, mwache tu." Mtoto ameumizwa na mtu mzima, familia inasema: "Tumalizane kimyakimya." Hizo zinaitwa suluhu. Kwa kweli ni upanga uleule juu ya mtoto. Nabii Yeremia aliwakemea watu wanaotibu jeraha juujuu na kutangaza amani mahali ambapo amani haipo (Yer 6:14).

Kwa hiyo kanuni ni ileile tuliyoikuta kwenye ubao wa matokeo, ukweli kwanza. Kama mmeshindana sawa, kusema "sawa" ni haki. Kama mmoja amemwonea mwingine, kusema "sawa" ni dhuluma ya pili juu ya ile ya kwanza.

Na kati yetu na dhambi hakuna sare. Huwezi kupatana na shetani kwamba Jumapili ni za Mungu na Jumamosi usiku ni zake. Hapo pigana mpaka mwisho.

Wazee wa mlimani walijua hili

Kwenye miteremko ya Kilimanjaro kuna mmea tunaouita isale. Umeuona, majani marefu, umepandwa kwenye mipaka ya vihamba. Unasema: hapa ndipo kwangu panapoishia na kwako panapoanzia. Lakini isale lina kazi nyingine. Mtu aliyemkosea mwenzake alikwenda kwake na jani la isale kuomba msamaha, na aliyeletewa isale ilikuwa vigumu sana kukataa.

Tazama hekima iliyomo. Mmea uleule unalinda mpaka na unaleta suluhu. Anayeleta jani hasemi "wote tuna makosa". Anakiri: nimekukosea. Ukweli umesemwa kwanza. Kisha yule aliyekosewa, ambaye sasa ameshinda kesi kabisa, anaombwa kitu kigumu: auache ushindi wake. Asidai mpaka tone la mwisho. Matokeo yake wanabaki majirani, wala si mshindi na aliyeshindwa wanaokutana mfereji mmoja kila siku.

Sisi Wakatoliki tunaijua njia hiyo. Kwenye kitubio hatuendi kumwambia Mungu tugawane makosa. Tunakiri yetu. Naye mwenye haki yote haidai.

Fikiria ndugu wawili wanaogombea mita tatu za kihamba cha marehemu baba yao. Miaka inapita, mabaraza, mawakili, nauli. Desemba watu wote wanapanda nyumbani kwa Krismasi, wanapita njia ileile bila kusalimiana, wanaingia kanisa lilelile, wanapokea Ekaristi ileile. Mmoja wao siku moja atashinda. Atapata mita tatu na migomba yake, na hatakuwa na ndugu wa kumkaribisha chini ya kivuli chake. Bwana wetu alishatuonya: ukikumbuka uko altareni kwamba ndugu yako ana neno juu yako, acha sadaka, nenda kwanza; na umalizane na mshitaki wako mkiwa bado njiani (Mt 5:23-25). Mkiwa njiani, kabla hakimu hajalazimika kumtaja mshindi.

Basi raga ifanye nini?

Jibu langu ni hili: mechi za mataifa ziruhusiwe kuisha sare. Mtoano uwe na njia yake ya kupata wa kuendelea, na iitwe kwa jina lake. Na wachezaji wafundishwe tangu utotoni kwamba sare si mahali pa kujificha.

Kama unataka kuona jambo hili likifanyika vizuri, kumbuka fainali ya kuruka juu kwenye Olimpiki ya Tokyo, tarehe 1 Agosti 2021. Mutaz Essa Barshim wa Qatar na Gianmarco Tamberi wa Italia waliruka wote mita 2.37, na wote wakashindwa mita 2.39 mara tatu. Msimamizi akawaeleza wanaweza kuendelea mpaka mmoja ashinde. Barshim akauliza kama inawezekana kupata dhahabu mbili. Inawezekana. Wakakumbatiana kwa kelele. Miaka mitatu baadaye, Paris 2024, Hamish Kerr wa New Zealand na Shelby McEwen wa Marekani wakafika palepale, wamelingana kwenye mita 2.36. Wao wakachagua kuendelea. Kerr akashinda, McEwen akachukua fedha, na wako waliomcheka mtandaoni kwamba ameikataa dhahabu.

Mimi sioni mjinga kati ya hawa wanne. Wote walifika mwisho wa nguvu zao kwanza. Wote waliamua pamoja na mpinzani wao, kwa uhuru. Kosa lingekuwa kanuni inayowanyang'anya uamuzi huo, eti kwa sababu sisi tuliokaa kwenye viti hatuwezi kulala bila kujua nani wa kwanza.

Na wewe je?

Wengi wetu tumelelewa kwenye orodha. Wa kwanza darasani, wa pili, wa arobaini na tano. Tumejifunza kuuliza "nimempita nani?" kabla ya kuuliza "nimejifunza nini?". Tunaingia kwenye urafiki na uchumba tukiwa na ubao wa matokeo kichwani: nani alianza kutuma meseji, nani aliomba msamaha mara ya mwisho, nani ana hoja. Kijana mwenzangu, ukimshinda mchumba wako kwenye ubishi, umemshinda nani? Ni mtu uleule unayetaka mvae sare moja siku ya harusi.

Wiki hii, peke yako au kwenye jumuiya, jiulize mambo matatu:

1. Kuna ugomvi gani ambao ninaendelea nao kwa sababu tu sitaki kuonekana nimeshindwa?

2. Kuna "suluhu" gani nyumbani kwetu ambayo inaficha dhuluma, na nani anahitaji nimsemee ukweli?

3. Ni wapi ninaupiga mpira nje mapema, katika sala, masomo au wito wangu, kwa kuogopa kutoa kilichobaki?

Tuombe.

Ee Bwana Yesu, wewe uliyekuwa na haki yote na hukuidai, utufundishe kupambana kwa nguvu zetu zote na kusema ukweli wote. Utuondolee kiu ya kuwaona wenzetu wakiwa chini. Utupe ujasiri wa kulipeleka isale kwa tuliowakosea, na moyo mwepesi wa kulipokea kwa waliotukosea. Amina.

Uwe na wiki njema, na msalimie yule usiyemsalimia.